Nipe Mji

Saa nane usiku, kituo cha mafuta, Kwa Rhonda.
Pampu zimelala. Mimi ndani ya kibanda cha kioo,
chupa ya chai, stuli moja iliyolegea mguu,
simu: chaji asilimia kumi na tisa.
*Kitendawili*, naandika.
Awino wa Nyalenda: *Tega.*
Khaoya wa Webuye: *Tega.*
Jeruto wa Rongai, mtoto titini, kidole kimoja: *Tgea.*
Twacheka bila sauti, kila mtu na giza lake.

Kikundi hiki kilifunguliwa kwa ajili ya jeneza.
Tulichanga kumzika Mukhwana, tuliyesoma naye,
yule aliyetuchekesha hadi wiki ile ile.
Baada ya mazishi hakuna aliyejitoa,
hakuna aliyeandika.
Ujumbe wa mwisho ulikaa pale siku arobaini:
*Salio: shilingi mia tatu na arobaini.*
Tungeulizana nini? "Mko aje?" Sote tungejibu "poa".
Ndipo Awino akatuma sauti ya nyanyake akitega kwa Kijaluo,
ajuza anacheka kabla hajafika kwenye jibu,
nyuma yake sufuria inaanguka.
Nilisikiliza mara sita. Nikalala.

Sheria ya mchezo sikuwahi kuuona uzito wake:
ukikosa jibu, huulizwi kwa nini umekosa.
Unatoa mji. Basi.
Mtu asiye na nauli anatoa Nairobi nzima
na anabaki na heshima yake.

Shairi nalo limerudi. Shuleni nilichapwa kwa ajili ya mizani;
siku hizi kifua kikibana
nahesabu kwa vidole vinavyonuka dizeli,
nane, nane.
Wiki jana tulipeana mshororo mmoja mmoja:

*Usiku hauna mwisho, kwa yule aso na mwenza,*
*Nilidhani hata kesho, isingeweza kuanza,*
*Mkanifutia jasho, kwa neno mlilotunza,*
*Tega nami nategua, hata taa sijazima.*

Wa pili ni wa Jeruto. Hakueleza. Hatukuuliza.

Lakini usiku huu, saa tisa kasoro,
namba isiyo na jina, inayoishia sifuri saba,
iliyochanga mia mbili kisha ikanyamaza mwaka mzima:
*Kitendawili.*
*Tega*, tukasema, wanne kwa mpigo.
*Nyumba yangu haina mlango.*
*Yai!* Hilo hata mtoto wa Jeruto analijua.
*Si yai.*
Khaoya akaandika neno, akalifuta.
Tulikuwa tumeshaliona.
*Basi nipeni mji.*
Khaoya akampa Webuye na maporomoko yake.
*Sitaki.*
Awino akampa Kisumu, ziwa lote, na magugu yake.
*Sitaki.*
Jeruto: Rongai, pamoja na mahindi yaliyo shambani.
*Huko nimeshapita.*
Mimi sina mji. Nina zamu.
Nikaandika: *Nakupa kibanda cha kioo, Kwa Rhonda.*
*Stuli ni moja, mimi nitasimama.*
*Taa haizimwi hadi saa kumi na mbili.*

Anaandika. Ameacha. Anaandika.
Lori likaingia kutaka dizeli ya elfu tatu,
dereva akahesabu noti polepole kama anayeziaga.
Niliporudi, asilimia mbili:
*Nimepokea.*
Kisha simu ikafa.

Saa kumi na moja hivi, umande juu ya pampu namba mbili,
kijana mwenye koti la mvua na suruali ya kulalia
akagonga kioo kwa ukucha.
"Chai bado ipo?"

Jibu hajatupa. Hatumdai.
Nilimsogezea stuli,
na ule mguu uliolegea
nikauzuia kwa kiatu changu
mpaka kukapambazuka.